Kwa nini walezi wengi wa waliotoka gerezani wanakatika kabla ya wiki ya sita?

#1 Funguo Saba (mleta mada)
Habari za humu wakuu. Programu nyingi za kumuunganisha anayemaliza kifungo na mlezi wa kujitolea zinaanza vizuri kwenye makaratasi. Mafunzo yamefanyika, fomu zimesainiwa, wawili wamekutanishwa. Wiki ya tatu simu haipokelewi. Wiki ya tano mlezi anamwambia mratibu "huyu hayuko siriasi". Wiki ya sita jalada linafungwa.

Hoja yangu: hawakukatika wiki ya sita, walikatika kabla geti halijafunguliwa, kwa sababu mlezi alianza kazi siku ya kutoka badala ya miezi mitatu kabla. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema kwenye kanuni ya 107 kwamba maisha ya mfungwa baada ya kuachiwa yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo, na asaidiwe kujenga uhusiano na watu na taasisi za nje. Tangu mwanzo, jamani. Sisi tunaanza na mkoba wake ukiwa tayari begani.

Anayepinga aje na hoja.

#2 Kalamu Kavu
Salama. Miezi mitatu inapendeza kwenye mpango kazi. Huko ndani mtu anahamishwa gereza bila taarifa, tarehe ya kutoka inasogea kwa msamaha, rufaa au siku za adhabu, na mlezi anafika mlangoni anaambiwa jina lake halipo kwenye orodha ya wageni. Na wapo wanaokatika wakiwa wamekutana mara nne ndani.

Tatizo naliona kwenye kupanga wawili. Mratibu ana walezi wanane na watu wanane, anawagawa kwa kuangalia nani yuko huru Jumamosi. Mtu wa miaka 52 aliyekaa ndani miaka 15 anapewa mlezi wa miaka 23 mwenye shauku ya kumfundisha maisha. Hapo hata ungeanza miaka mitatu kabla.

#3 Dawati la Nyuma
Anayesema tuanze mapema aseme pia kinachofanyika huko mapema, maana kukutana mara nne na kuongelea mpira hakujengi kitu. Utaratibu unaobeba kazi ni huu.

Mkutano wa kwanza, dakika 45, ni kufahamiana. Kosa haliulizwi. Akilisema mwenyewe sikiliza, usichimbe. Mlezi aseme mambo matatu kwa mdomo wake: mimi si afisa, silipwi, na kuna vitu nikivisikia sitavificha (mpango wa kumdhuru mtu, kutaka kujidhuru, mtoto kuwa hatarini). Hili linasemwa siku hiyo ya kwanza. Ukilisema siku limetokea umeshakuwa msaliti.

Wa pili ni saa 72 za kwanza. Karatasi moja yenye mistari ya saa. Anatoka saa ngapi, nani yuko getini, usafiri gani, analala wapi usiku wa kwanza na wa pili, nani ana ufunguo wa hiyo nyumba, dawa zake zinaisha siku gani, miadi ya kwanza na afisa wa probesheni (anayemsimamia kisheria akiwa nje) ni saa ngapi na ni umbali gani kutoka anapolala. Swali la ufunguo linaonekana dogo, lakini ndilo linalofichua kama nyumba ipo kweli au ni jina la binamu lililotajwa ili fomu ijae.

Wa tatu ni nyaraka. Kanuni ya 108 ya hizohizo za Mandela inataja nyaraka na vitambulisho, makazi, kazi, mavazi ya kufaa majira, na uwezo wa kufika anakokwenda na kujikimu kipindi cha mwanzo. Kitambulisho kikianza kuombwa baada ya kutoka, kila kitu kinapanga foleni nyuma yake: laini ya simu, akaunti ya benki, mkataba wa kazi, chumba.

Wa nne uwe wiki ya mwisho. Pitieni siku yenyewe toka asubuhi, halafu kubalianeni vitu viwili. Asipopatikana simuni mlezi ampigie nani? Na akitaka kuacha programu, aseme vipi bila kulazimika kujificha?

#4 Binti Jalada
Swali la ufunguo nimelibeba. Nyongeza: namba tano muhimu ziandikwe kwenye karatasi ngumu ya kuweka mfukoni. Simu ya kwanza baada ya kutoka aidha haina chaji, haina laini, au anayo mtu mwingine. Na getini waende walezi wawili. Mmoja anaendesha au anashughulikia tiketi, mwingine yuko na mtu. Akiwa mmoja anajikuta anatafuta njia huku anaulizwa maswali.

#5 Kobe wa Zamu
Na wasimpe sherehe. Mtu aliyepangiwa kila kitu kwa miaka, kuanzia saa ya kula hadi saa ya taa kuzimwa, ukimweka mbele ya orodha ya vyakula 40 na kumwambia "chagua chochote" unamtesa. Mpe viwili achague kimoja. Barabara yenye magari mengi, kelele za stendi, mlango ambao anapaswa kuufungua mwenyewe badala ya kusubiri ufunguliwe: vyote hivyo vinamchosha kabla ya saa sita mchana.

#6 Msomaji Mkaidi
Mnazungumzia nyumba na nyaraka wakati siku 14 za kwanza watu wanakufa. Kuna utafiti wa 2007 wa Uingereza uliokuta kwamba wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa aliyetoka ilikuwa mara 12.7 ya watu wengine wa jamii hiyo, na kwa kuzidisha dozi ya dawa za kulevya mara 129. Mlezi asiyejua hili anafanya nini getini?

#7 Nahodha Mstaafu
Takwimu sawa, nchi siyo. Ni jimbo la Washington, Marekani. Waliwafuatilia watu 30,237 walioachiwa kati ya Julai 1999 na Desemba 2003, wakafa 443. Usitupeleke Uingereza kwa nauli yako.

#8 Msomaji Mkaidi
Hahaha, nimepokea. Washington.

#9 Tulizana
Kwa kuwa limeguswa, niliweke sawa maana walezi wengi hulikwepa kwa aibu. Aliyekuwa anatumia heroini au dawa za jamii hiyo, akikaa ndani bila kutumia au kwa kutumia kidogo, mwili unapoteza uzoefu. Siku ya kutoka anarudi kwenye kiasi kilekile cha zamani na kile kiasi sasa kinasimamisha pumzi. Hajataka kufa. Kumbukumbu yake ya dozi imepitwa na mwili wake.

Mlezi haulizi "utatumia?" kwa sauti ya hakimu. Anasema wazi kwamba kiasi cha zamani sasa kinaua, kwamba kutumia peke yake nyuma ya mlango uliofungwa ni hatari zaidi, na kwamba kuchanganya na pombe au vidonge vya usingizi ni hatari maradufu. Palipo na naloksoni (dawa inayozima nguvu ya heroini na za jamii yake), mlezi na anayeishi naye wafundishwe kuitumia. Ya kupulizia puani haihitaji ujuzi wa daktari. Lakini gari la wagonjwa liitwe hata akizinduka, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90 wakati dawa ya kulevya bado imo mwilini. Mtu amezinduka, wenzake wamefurahi, wamemwacha alale. Hapo ndipo anapofia.

Kwa wenye dawa za kifua kikuu, VVU, kifafa au za akili: ulizeni anatoka na dozi za siku ngapi, na kliniki ya nje ina jina lake tayari? Akitoka na vidonge vya siku saba na miadi ya siku ya ishirini, hesabu hiyo imekataa.

#10 Swali Moja
Swali moja tu. Akitoka Ijumaa jioni?

#11 Dawati la Nyuma
Umegusa donda. Ijumaa ofisi ya makazi inafungwa, kliniki inafungwa, afisa anaondoka, na mtu anakaa hadi Jumatatu bila chochote. Uingereza na Wales wametunga sheria 2023 inayoruhusu mtu ambaye siku yake inaangukia Ijumaa au mkesha wa sikukuu atolewe hadi siku mbili za kazi kabla. Pasipo na sheria kama hiyo, mratibu ageuze ratiba: kila cha ofisi kimalizwe kabla ya Alhamisi, na walezi wawe na zamu ya Jumamosi na Jumapili. Jumapili mchana ndio muda wa kumtafuta, asubuhi bado ana matumaini.

#12 Kobe wa Zamu
Nirudi kwa mleta mada. Wote mnazunguka, sababu ya wiki ya sita ni pesa. Wiki ya pili mlezi anatoa nauli. Ya tatu anakopesha kodi. Ya nne anadaiwa kodi ya pili. Aliyekopa anamwonea aibu aliyemkopesha, hapokei simu. Mlezi anaandika "hayuko siriasi". Deni limewaachanisha, tabia haihusiki.

#13 Binti Jalada
Kobe, naunga mkono, ila "usitoe hata senti" haitekelezeki. Mtu akiwa stendi hana nauli ya kwenda kwa afisa na akikosa anavunja masharti, mlezi gani atamwambia pole? Kuwe na mfuko mdogo wa dharura unaoshikwa na mratibu. Mlezi anapiga simu, mratibu anaidhinisha, kinacholipwa ni kitu chenyewe (tiketi, dawa, usiku mmoja wa malazi) na si fedha mkononi, risiti inaingia kwenye jalada. Si mkopo, hivyo hakuna wa kumkimbia mwenzake. Na aambiwe mapema kwamba mfuko upo na ukomo wake ni nini, asije kuugundua kwa kusimulia shida.

#14 Kobe wa Zamu
Hapo sawa. Ingawa ukishamwambia mapema kwamba mfuko upo, ukomo unakuwa ndio kiwango.

#15 Msomaji Mkaidi
Wakuu, nani ameuliza kama ulezi wenyewe unafanya kazi? Jolliffe na Farrington walipitia tafiti 18 mwaka 2007. Ulezi ulionekana kupunguza kurudia makosa kwa asilimia 4 hadi 10. Lakini tafiti zenye mbinu bora zaidi hazikuonyesha tofauti ya kuaminika. Na faida ilionekana pale tu ulezi ulipokuwa unaendelea. Ukiisha, imeisha. Waliofanya vizuri walikutana angalau mara moja kwa wiki, kila mkutano ulichukua muda mrefu, na ulezi ulikuwa sehemu ya kifurushi chenye msaada mwingine.

Halafu kuna utafiti wa Cambridge-Somerville wa miaka ya hamsini, wafungwa waliopewa washauri wakaishia vibaya kuliko wasiopewa.

#16 Nahodha Mstaafu
Tena? Ulianza 1939, Massachusetts, na walikuwa wavulana 506 wadogo, si wafungwa. Nusu walipewa washauri kwa takriban miaka mitano. Joan McCord aliwafuatilia hadi utu uzima, na matokeo yake ya 1978 yalionyesha kwamba waliosaidiwa hawakuwa bora, na kwenye baadhi ya mambo walikuwa na hali mbaya zaidi. Funzo lake kwa walezi wa watu wazima ni la kutumia kwa uangalifu.

#17 Msomaji Mkaidi
Mkuu wewe unalala na maktaba? Haya, wavulana. Hoja yangu inabaki: nia njema inaweza kudhuru, na mlezi hawezi kuliona akiwa ndani yake.

#18 Kalamu Kavu
Hilo la kifurushi ndilo jibu langu la leo. Gereza la Peterborough, Uingereza, kuanzia 2010, kulikuwa na mradi uliowachukua waliofungwa chini ya miezi 12, wale ambao wakati huo walitoka bila uangalizi wowote. Walikutwa ndani, wakapokelewa getini, wakasaidiwa makazi, dawa na nyaraka na watumishi wa kulipwa pamoja na wa kujitolea. Tathmini ya mwisho ya 2017 ilionyesha kutiwa hatiani tena kumepungua kwa asilimia 9 kulinganisha na kundi la kufananisha. Sasa niambieni, katika hiyo 9, kiasi gani ni cha mlezi na kiasi gani ni cha kitanda? Hakuna anayeweza kuitenganisha. Mlezi akipewa mtu asiye na pa kulala, wiki ya sita ni mbali sana, tusubiri ya pili.

#19 Funguo Saba
Kalamu, umebadilisha hoja. Juu ulisema ni kupanga wawili.

#20 Kalamu Kavu
Nimeongeza, sijabadilisha. Uzi wenyewe ni mrefu.

#21 Jirani wa Tatu
Niongeze sababu ambayo hamjaigusa: mlezi mwenyewe kuachwa peke yake. Mtu anafundishwa siku tatu, anapewa jina la mhusika, halafu hamwoni mratibu tena hadi kikao cha mwaka. Usimamizi wa chini kabisa: mratibu ampigie ndani ya saa 24 baada ya siku ya kutoka, kisha kikao cha ana kwa ana kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila mwezi. Swali la kikao si "anaendeleaje?" tu. Muulize na mlezi amefanya nini wiki hii ambacho hangependa wenzake wajue. Hapo ndipo mikopo, simu za usiku wa manane na urafiki uliovuka mpaka hutoka.

Na daftari. Walezi wengi huandika hukumu badala ya kuandika walichokiona. Angalieni tofauti.

Andiko bovu: "Alikuja amelewa, hana nia, ameanza tabia zake."

Andiko zuri: "Tarehe 9, mgahawani, saa 4:10 hadi 4:50. Alichelewa dakika 25. Harufu ya pombe, aliongea polepole, alijibu maswali yote. Alisema hajalala, chumba kina watu sita. Tumekubaliana: Jumanne tunaenda pamoja ofisi ya makazi saa 3. Nimempigia mratibu saa 5:15."

La pili likisomwa na afisa, wakili au mhusika mwenyewe, linasimama. Na anayo haki ya kulisoma, hivyo andika ukijua atalisoma.

#22 Swali Moja
Afisa alisome kwa nini? Mlezi si afisa, mmesema wenyewe #3.

#23 Jirani wa Tatu
Daftari likihitajika kisheria au suala la usalama likitokea, litasomwa. Siku za kawaida linabaki kwa mratibu.

#24 Tulizana
Hapa pana ugomvi halisi. Mhusika akikosa miadi ya mlezi, afisa aambiwe? Nasema hapana. Programu ni ya hiari. Kukosa kukutana na mlezi kukihesabika kama kuvunja masharti, mlezi amegeuka mlinzi mwenye tabasamu. Akikosa miadi ya afisa, mlezi amsaidie kupiga simu mwenyewe siku hiyohiyo, kabla afisa hajaandika. Hizo simu zina mpangilio: jina, namba ya jalada, sababu kwa sentensi moja, uthibitisho (cheti cha hospitali, ratiba ya zamu kazini), ombi la siku mpya. Mlezi akae pembeni, simu iwe mkononi mwa mhusika.

#25 Nahodha Mstaafu
Nakubaliana nusu. Kuna aliyewekewa sharti la kutofika eneo fulani au kutowasiliana na mtu fulani. Mlezi asiposoma karatasi ya masharti anaweza kupanga mkutano mita mia kutoka mahali palipokatazwa. Kwa hiyo nakala ya masharti ipatikane kwa ridhaa ya maandishi, isomwe pamoja sharti kwa sharti, kila moja liulizwe: "hili kwa wiki ya kawaida linamaanisha nini?" Sharti la kuwa ndani saa moja jioni na kazi ya zamu inayoisha saa mbili usiku haviendani, na afadhali ligundulike mezani.

#26 Kobe wa Zamu
Japani wana mfumo huu kwa miongo. Walezi wa kujitolea karibu 47,000, tena wanalipwa na serikali, ndiyo maana hawakatiki.

#27 Nahodha Mstaafu
Hawalipwi mshahara. Wanarudishiwa gharama tu. Sheria yao ni ya 1950, wanateuliwa na Waziri wa Sheria kwa vipindi vinavyoweza kurudiwa, na wanafanya kazi chini ya maafisa wa kulipwa. Idadi yao imekuwa ikishuka na wengi ni wazee, kwa hiyo hata kule kuna kukatika kwa namna nyingine.

#28 Kobe wa Zamu
Leo ni zamu yangu kusahihishwa, sawa. Lakini kitu kimoja wanacho: wanampokea mtu nyumbani kwao. Ukikaribishwa sebuleni huhisi jalada.

#29 Binti Jalada
Na mwaka 2024 huko Otsu mmoja wao aliuawa nyumbani kwake, akashtakiwa mtu aliyekuwa chini ya uangalizi wake. Tangu hapo suala la kukutana majumbani linajadiliwa upya, ikiwemo kutumia kumbi za umma na kwenda wawili. Matukio kama hayo ni nadra mno, lakini utaratibu usisubiri tukio. Miezi ya mwanzo kutana mahali pa wazi, mwambie mratibu unaingia na unatoka saa ngapi, usitoe anwani yako, tumia namba ya simu ya programu.

#30 Kobe wa Zamu
Ndipo tunapata mlezi mwenye namba ya programu, daftari la programu na uso wa programu. Halafu tunashangaa kwa nini wiki ya sita hapokelewi.

#31 Dawati la Nyuma
Kobe amesema kitu hapo, na sina jibu la kumfunga mdomo. Njia ya katikati ni duara: mtu mmoja anazungukwa na walezi watatu hadi sita, hakuna mmoja anayebeba yote. Ilianza Hamilton, Ontario, Kanada, 1994, kwenye jumuiya ya Wamennonite, kwa ajili ya mtu aliyekuwa na makosa ya ngono dhidi ya watoto ambaye hakuna aliyetaka kumpokea. Nje ya duara la walezi kuna duara la pili la wataalamu wanaowasimamia. Wanakutana wote kila wiki, na katikati ya wiki kila mlezi ana siku yake ya kumpigia. Mmoja akiugua au akichoka, duara linabaki. Ubaya wake ni kwamba ni ghali kwa watu, na haliwezekani kwa kila anayetoka.

#32 Swali Moja
Swali la pili (naahidi la mwisho). Kwa nini walezi wasiwe waliowahi kufungwa wenyewe? Wanaujua mlango.

#33 Tulizana
Wanaujua na wanasikilizwa. Vikwazo ni vitatu. Gereza linaweza kumkatalia kuingia kwa sababu ya rekodi. Mhusika anaweza kuwa na sharti la kutokutana na wenye hatia za nyuma, hivyo kibali cha maandishi kitafutwe. Na mlezi wa aina hii anaulizwa siri na pande zote mbili, anachoka mara mbili. Asimamiwe zaidi, na awe ametulia nje kwa muda wa kutosha. 

#34 Msomaji Mkaidi
Na wasiwe pambo la picha za wafadhili.

#35 Jirani wa Tatu
Kazi haijaguswa. Devah Pager alifanya jaribio Milwaukee, matokeo yakatoka 2003. Vijana wenye sifa zinazofanana waliomba kazi kwa waajiri 350. Wazungu wasio na rekodi waliitwa asilimia 34, wenye rekodi 17. Weusi wasio na rekodi 14, wenye rekodi 5. Yaani mweusi msafi aliitwa mara chache kuliko mzungu mwenye rekodi. Mlezi anayemwambia mhusika "jitume tu" hajui ukuta una urefu gani.

Kinachosaidia ni kuandaa maelezo ya sentensi nne, yakasemwa kwa sauti mara kumi kabla ya usaili. Mfano: "Mwaka 2018 nilihukumiwa kwa wizi na nikatumikia kifungo. Nilikuwa na madeni na nilichukua njia mbaya. Ndani nilipata cheti cha uchomeleaji na nilifanya kazi karakana miaka miwili. Naweza kuanza Jumatatu, na msimamizi wa karakana amekubali kupigiwa simu." Kosa, muktadha kwa sentensi moja bila kumlaumu mtu, kilichobadilika, kinachofuata. Basi. Akianza kueleza kesi nzima, mwajiri anasikia kesi. Na asiseme asichoulizwa pale ambapo sheria ya mahali hapo inamruhusu kunyamaza. Mlezi aijue hiyo sheria kabla ya kushauri.

#36 Binti Jalada
Kwa waliokaa muda mrefu ongezeni simu janja. Fomu za kazi ziko mtandaoni, zinadai barua pepe, barua pepe inadai namba, namba inatumiwa msimbo wa kuthibitisha unaokufa baada ya dakika chache. Mlezi asimfungulie akaunti kwa simu yake mwenyewe "kwa haraka", maana nywila itabaki kwa mlezi. Vikao viwili vya saa moja: cha kwanza kupiga, kupokea, ujumbe, cha pili barua pepe na nywila, iliyoandikwa kwa mkono wake kwenye karatasi anayoitunza yeye.

#37 Funguo Saba
Asanteni. Sasa mniambie akikosa kutokea, mnafanyaje? Maana huko ndiko wanakokatikia.

#38 Dawati la Nyuma
Subiri dakika 30 palepale. Tuma ujumbe mmoja usio na lawama: "Nilikuwa pale saa 4. Niko tena Alhamisi saa 4, palepale." Nenda Alhamisi hata kama hajajibu. Akikosa tena, mratibu ajue siku hiyo, apige yeye. Mara ya tatu mfululizo, barua fupi ya kusema nafasi yake iko wazi hadi tarehe fulani. Usitume ujumbe kumi. Usimpigie mama yake, labda kama alishakuruhusu kwa maandishi.

#39 Kobe wa Zamu
Na kabla ya yote angalia kama amekamatwa. Wengi "wasio siriasi" wako mahabusu na simu imezimwa.

#40 Kalamu Kavu
Au wamepata kazi ya mchana na wanaona aibu kusema hawahitaji tena mlezi. Hao nao wanaandikwa "amekatika". Kwa hiyo hata hiyo wiki ya sita ya mleta mada, sijui imechanganya watu wangapi waliofanikiwa na waliopotea. Jalada lina kisanduku kimoja tu: limefungwa.

#41 Funguo Saba
Hapo sikatai. Tuwe na visanduku vinne: amejitegemea, amehama, amekamatwa, hajulikani. Bado nasema miezi mitatu kabla.

#42 Kalamu Kavu
Na mimi bado nasema kitanda.

#43 Swali Moja
Samahani, nimevunja ahadi. Ulezi wenyewe unaisha lini, na nani anasema umeisha?

#44 Jirani wa Tatu
Tarehe ya mwisho itajwe mkutano wa kwanza kabisa, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12. Kila wiki hadi wiki ya 12, kila wiki mbili hadi mwezi wa 6, kisha mara moja kwa mwezi. Miezi miwili kabla ya mwisho mlezi aanze kumpeleka kwa wengine: chama cha mafundi, kikundi, ndugu anayeaminika, ili simu ya dharura isiwe tena ya mlezi. Anayesema umeisha ni wote wawili pamoja na mratibu, mezani. Akitaka kuisha mapema, kunaisha mapema, na mlango wa kurudi ubaki kwa mratibu, usiwe kwenye simu ya mlezi.